Kengele ya Moshi

Kila mara kabla ya kutia makaa kwenye tanuri la kiwanda cha kutia nguo rangi, Masizi aligonga kengele iliyoning'inia dirishani. Hakuna bosi aliyemwagiza. Ni mkewe aliyemshikia bango, siku alipolazimika kufua mashuka mara mbili, na mtaa mzima ukazoea: kengele ikilia, watu wanaanua nguo mbio kabla moshi haujashuka.

Kisha ikaja kodi ya moshi na maji machafu. Masizi aliilaani asubuhi na jioni mpaka chai ikampolea mkononi. Tanuri ndilo lililomlisha yeye na wanawe. Likizimwa, atakula wapi?

Likazimwa kweli. Tajiri wao, mwanamke asiye na maneno mengi, akamwita ofisini. Masizi alikwenda akiburuta miguu, keshapanga namna ya kumwambia mkewe kwamba kazi imeota mbawa.

"Kaa, mzee wangu," tajiri alisema. "Moshi umekuwa ghali, lakini kuajiri kumekuwa nafuu. Pesa za moshi zimeifanya serikali ipunguze kodi ya mishahara. Sasa nachemsha kwa umeme, na maji ya rangi tutayachuja tuyatumie tena. Nataka usimamie machujio, nikuongezee watu wawili. Utaweza?"

"Nifundisheni tu, mama. Nitaweza."

Alitoka akipangusa macho, akisingizia vumbi.

Siku ya kwanza ya kazi mpya, saa ile ile ya makaa, mkono ukaenda wenyewe. Akagonga kengele. Huko nje ikawa patashika, watu wakanyakua nguo mbichi kambani, mkewe akiwa mbele yao wote.

Masizi akatoa kichwa dirishani. "Samahanini, jamani. Ni mazoea tu. Moshi hakuna."

Watu wakatazama juu ya bomba la moshi. Mbingu nyeupe. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaanza kuanika upya, taratibu, kama watu wasiofukuzwa na kitu.

Jioni alisimama mlangoni kwake akisubiri beseni la kunawia, kama miaka yote. Bila kunawa hakuruhusiwa kugusa hata kiti. Mkewe akamgeuzageuza viganja.

"Ingia tu," alisema. "Ila hiyo kodi uliyoilaani, uiombe radhi."

Masizi akaiomba radhi pale pale, kwa sauti, kisha akaenda kukaa juu ya shuka jeupe.