Maji Meupe ya Kathirvel

Maji yalitoka meupe pe, na Kathirvel hakuwa na wa kumlaumu ila mikono yake mwenyewe.

Miezi saba alisaga mbegu za mlonge kwenye kinu cha mama yake, akazikoroga ndani ya maji machafu ya kiwanda cha kutia rangi vitambaa, mpaka rangi ikagandana na kuzama. Kisha akayachuja kwa mkaa wa makapi ya mpunga na wa vifuu vya nazi. Wenzake walimwita mganga wa mapipa. Wenye viwanda wakubwa walinunua mitambo ya ng'ambo. Yeye alitumia takataka za jikoni, na rangi ikamtii.

Chumvi haikumtii. Ili rangi ishike kwenye pamba, chumvi humwagwa kwa magunia, na mlonge hauigusi, wala mkaa. Jioni ile maji yalipong'aa kwa mara ya kwanza, Kathirvel hakuyaonja. Alikimbia kwa baba yake, Marappan, mwenye shamba la manjano bondeni, akasimama kifua mbele.

"Baba, siku ukiona mfereji mweupe, jua ni kazi ya mwanao. Inua ubao wa mfereji, uyaingize shambani bila hofu."

Asubuhi yake aliyaonja, akatema. Angerudi kwa baba kuyafuta maneno yake, lakini mzee alishamsifu kwa majirani wote. Kila jioni alifungua kinywa, na kila jioni fahari ikamziba. Aliyeambiwa ni mjomba wake peke yake, Nachimuthu, mwenye kiwanda na baba wa mchumba wake.

"Mjomba, haya bado ni sumu kwa mimea."

"Mwanangu, nani anaonja mto? Mkaguzi huangalia kwa macho. Na hata hivyo, hatutayaachia kabla ya harusi."

Leo, wiki tatu kabla ya harusi, mkaguzi aliinua glasi kwenye jua, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Nachimuthu akavisha tangi shada la maua, akawasha kafuri ya kulibariki, akafungulia maji. Kisha akafanya kama afanyavyo kila anapoyaachia: akafunga geti, akakusanya simu zote kwenye debe ili habari isitoke nje, akaketi juu ya debe, funguo za geti na za bomba mfukoni.

"Mjomba, nifungulie. Nifike kwa baba mara moja tu."

"Bwana harusi, leo ni siku yako. Kaa ule ladu tamu."

"Mjomba, nakuomba."

"Umenisikia. Maji yakiisha, geti litafunguka."

Ukuta ulikuwa na vigae vya chupa juu yake. Kathirvel akapanda paa la kuanikia, ambako bi Arukkani, mfanyakazi ambaye wote humwita shangazi, alikuwa akigeuza vitambaa.

"Mganga wangu, mbona unatweta? Mchumba amekukimbia?"

"Shangazi, macho yako yanafika kwa baba?"

Arukkani akakinga jua kwa kiganja. "Namwona. Kilemba kile pale, kidogo kama punje. Amesimama mferejini. Ah! Ameinua ubao."

Kathirvel akaita mpaka koo likauma. Tanuri la mvuke lilinguruma chini, likaimeza sauti yake. Shati alilopunga lilikuwa kitambaa kimoja kati ya mia vilivyokuwa vikipepea pale juu. Kule bondeni mzee hakuinua kichwa. Miaka ishirini alikuwa akiyasoma maji kwa rangi: yakija mekundu, anashusha ubao; yakija ya buluu, anashusha ubao. Hakuwahi kukosea. Leo amekosa cha kusoma.

Mimi ndiye niliyemfumba macho, Kathirvel aliwaza. Mimi na kinu changu.

Akateremka ngazi tatu tatu, akaingia ghalani, akalikumbatia pipa la unga wa rangi nyekundu, lile la rangi ya sari za maharusi. Akalibingirisha mpaka mdomo wa mfereji.

"Wewe!" Nachimuthu aliruka kutoka kwenye debe. "Wewe kichaa! Umefanya nini?"

Pipa lilikuwa limekwisha pinduka. Wekundu ukapita chini ya ukuta, pale asipoweza kupita mtu. Mjomba akamshika mabega, akaachia, akatazama viganja vyake vilivyogeuka vyekundu.

"Shangazi!" Kathirvel alipaza sauti. "Baba anafanyaje?"

"Ameinama tu."

Robo saa ikapita. Kathirvel alihesabu kichwani mistari ya mimea ya manjano iliyokuwa ikinywa: wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi.

"Ameshusha!" Arukkani alipiga kelele. "Ameshusha ubao! Anatukana huko, naona mikono."

Kathirvel akakaa chini. Alingoja kufukuzwa, alitamani kufukuzwa. Afukuzwe, geti lifunguliwe, amkimbilie baba akaseme yote.

Nachimuthu alifunga bomba la tangi. Alipogeuka, hasira ilikuwa imeshamtoka, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mkaguzi atarudi Ijumaa. Nani mwingine hapa anajua kuyafanya meupe?"

Akawatazama wafanyakazi mmoja mmoja.

"Hakuna. Basi hutoki hapa mpaka yawe meupe tena." Akasukuma gunia la mlonge kwa mguu mpaka likamgusa Kathirvel gotini. "Saga, mkwe wangu."