Kikombe cha Kuvunjia Mayai

Siku ya kumi na moja tangu tumzike mama, nilikwenda Jang'ombe kununua mayai ya bata. Hamu sikuwa nayo. Baba alikuwa hatii kitu kinywani ila chai, na chakula ambacho hajapata kukikataa ni mkate wa mayai wa mama. Mama naye hakuupika ila kwa mayai ya bata wa Bi Riyama.

"Shikamoo, Bi Riyama."

"Marahaba, Abeer. Mama hajambo?"

Kumbe habari za msiba hazikumfikia. Ilinipasa nimwambie. Nikaona maneno ni mengi, nami nimechoka.

"Hajambo," nikasema.

Akanichagulia manane, yangali na matope, akaongeza la tisa. "Hili zawadi yake. Msalimie sana."

Nyumbani Mji Mkongwe niliyavunja moja kwa moja ndani ya bakuli lenye sukari. Mama alikuwa akivunja kila yai kwanza kwenye kikombe cha bati, alitazame, alinuse, ndipo alimimine. Nami nikimcheka, "Mama, hayo mayai au mizigo ya forodhani?" La saba lilikuwa viza. Jiko zima likanuka, na yote yakaharibika. Nikasimama nikilitazama bakuli. Sikuhisi kitu, hata hasira.

Baba akatokea mlangoni, kashika pua.

"Kikombe ki wapi?"

"Nimesahau."

Nikamwambia na lile jingine. "Bi Riyama kamsalimia mama. Kaniuliza hali yake, nkamwambia hajambo."

Baba akakitungua kikombe msumarini, akavunja yai la nane, akalinusa. Akavunja na la tisa. "Mazima haya," akasema. Akayakaanga mwenyewe, yakaungua pembeni.

"Salamu ni amana," akasema akiwa kanipa mgongo. "Kesho Ijumaa, tutampelekea kaburini, mimi na wewe. Kwa Bi Riyama ntakwenda mwenyewe nkamwambie."

Akaketi, akala yai lake hadi likaisha. Mimi nikainuka nikamwage lile bakuli, kazi yangu imekwisha. Akanisukumia sahani.

"Hili lako. Na wewe hujala tangu siku ile. Ulidhani sikuoni?"

Nikalia hapo hapo, mdomo umejaa yai.