Firigisi Kwenye Sinema ya Serikali

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Juni 1966, mchana, kuku akiwa chunguni. Ndiyo siku kijana wangu Masinde, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu ng'ambo, alitueleza kwamba kilimo ni somo lake kubwa, lakini amechukua pia somo dogo, sinema.

Mimi niliacha shule mapema, kwa hiyo niliuliza mtu anasomaje sinema. Nilidhani unakaa, unaangalia, unaenda nyumbani. Masinde akasema kuna mitihani. Nikashukuru Mungu. Kata nzima ilimsindikiza kwa nyimbo ili arudi kutufundisha mahindi, naye amerudi na kamera ya chuo, awaonyeshe wazungu tunavyoyala.

Mwalimu wake alitaka picha za mtu mmoja akifanya kazi moja. Masinde akamchagua mama yake, Selpher, akamfuata jikoni. Mwanaume mzima, digrii iko njiani, akachuchumaa kwenye moshi. Mimi nilibaki sebuleni kama baba wa nyumba, nikingojea obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku. Firigisi ililetwa kwangu kwenye jani la mgomba, peke yake, kama inavyoletwanga. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Hilo hata paka wa Kakamega wanalijua.

Filamu ilibidi isafishwe Nairobi. Masinde akaikabidhi kwa afisa wa habari, Bwana Cornelius, mtu wa tai hata Jumamosi. Baadaye huyo bwana akamwambia, kwa masikitiko ya kiserikali, kwamba filamu imeharibiwa na dawa. Kijana akarudi chuoni mikono mitupu. Januari, Selpher akashikwa na kifua, tukamzika. Hakuacha picha hata moja. Kipande, kile kitambulisho chenye picha, kilikuwa cha wanaume. Wakubwa hawakuona haja ya uso wake.

Haja waliiona mwaka uliofuata. Gari la sinema la serikali lilikuja sokoni Malava jioni, wakatundika shuka nyeupe. Kwanza mbolea, halafu lishe bora. Na hapo nikamwona Selpher, mrefu kuliko duka la Barasa, akitoa firigisi chunguni, akiifunika kwa jani na kuiweka juu ya dari ya moshi.

Sauti ya mwanaume wa Nairobi, Kiswahili kimepigwa pasi, ikasema, "Mama huyu anaficha nyama nzuri. Watoto wake wanakula mchuzi mtupu."

Watu wakacheka. Wanaume waliotafuna firigisi kwao Jumapili ile ile wakacheka mpaka wakashikana mabega, maana serikali imesema hapa pana kicheko.

"Jamani, anamfichia nani?" mmoja akauliza.

"Labda anamfichia padre," akajibiwa.

Selpher akageuka, akatutazama usoni, akapangusa jicho kwa mkono, akasema kitu. Hakikuwa kifupi. Mwishoni akacheka kidogo. Ile sauti ikapita juu yake na habari za mayai na maharagwe.

Nilimfuata Bwana Cornelius kwenye gari nikamwambia huyo ni bibi yangu.

"Mzee, huyo ni mfano."

"Mfano alikuwa ananipikia mimi."

Akanieleza kwamba ile filamu ilikuja kupona. Sikujua filamu zinapona. Watu wetu hawaponi. Nikamwuliza mama alikuwa anasema nini pale. Akasema kamera ile haikunasa sauti, hiyo tunayosikia ni ya ofisi. Basi nikamwomba aizime, niangalie midomo kwa utulivu.

"Bila sauti, mzee, wananchi hawataelewa wanachokiona."

Nimelifuata gari hilo Khwisero, nikalifuata Mumias. Kila mahali wanamcheka, na kila mahali nakaa mbele, maana sina pengine pa kumwona. Kule Mumias mama mmoja muuza samaki, Umi, aliyezoea kusoma midomo kwenye kelele za soko, aliniona nikitazama vile, akanisalimia kwa heshima na kuniambia huyo anasema, "Mpelekee baba yako." Nilimshukuru. Lakini maneno hayo ni machache, na midomo ya Selpher iliendelea. Halafu kile kicheko je?

Masinde amerudi na digrii yake. Somo dogo alilifaulu kwa kueleza kwa mdomo filamu ambayo haipo, na kwa ujuzi wake wa mahindi amepewa meza Nairobi. Alipokuja nyumbani nilimwuliza, kwa sababu ni yeye pekee aliyekuwa jikoni. Akashika kikombe bila kunywa.

"Baba, wakati ule nilikuwa naangalia mwanga."

Basi. Mwanangu anajua mwanga, Bwana Cornelius anajua lishe, na yule wa Nairobi anajua kilichomo jikoni kwangu bila kuingia. Wanasema gari linarudi Malava, na nitakuwa mbele, nichekwe pamoja naye. Lakini nyinyi wakubwa mliompa Selpher sauti ya mwanaume, kuna hata mmoja aliyejiuliza mama huyo mwenyewe alikuwa anasema nini?