Kumpare Waziri

Kwetu Sisilia, mtu aliyemshika mwanao kwenye maji ya ubatizo humwiti kwa jina wala kwa cheo. Mnaitana kumpare hadi kaburini, na kumpare hakatai ombi la kumpare.

Ignazio Tarallo alimsimamia mwanangu Saverio ubatizo mwaka wa 1849. Wakati ule alikuwa mwasi, nami nilimficha zizini mwangu huku askari wa mfalme wakimsaka milimani. Miaka ishirini baadaye, mfalme yule ameshaangushwa, alikuwa waziri kule Firenze, mji mkuu wa Italia mpya, na Saverio alikuwa gerezani akisubiri kupigwa risasi. Alikuwa amevunja chombo cha serikali cha kuhesabu mizunguko ya kinu cha kusagia, kile cha kutozea kodi ya unga, na katika purukushani askari mmoja akafa. Sahihi ya waziri tu ndiyo ingemwokoa.

Mimi ni mchonga mawe, siogopi watu. Lakini ile marumaru ya ofisini mwake na wale mabawabu wenye glavu vilinimaliza. Nilipofika mbele yake nilivua kofia, nikasema, "Mheshimiwa."

Akaweka kalamu chini. "Umeniitaje, Gandolfo?"

"Mheshimiwa."

"Basi mheshimiwa anakujibu. Askari amekufa. Sheria hii tuliipigania wenyewe."

"Tuliipigania? Wewe si ulikuwa unakula jibini ya mke wangu, umejibanza nyuma ya mbuzi?"

"Na wewe mdomo wako haujapona."

"Haujapona. Ulipigania sheria ya kumuua mtoto uliyemsimamia ubatizo?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayesubiri kitu, nami nilikijua, ila kiburi kilinizuia. Kisha nikamfikiria Saverio amesimamishwa ukutani.

Nikapiga goti. "Kumpare."

"Ulikuwa wapi muda wote huo, punda wewe?" akasema, macho yamemlowa. Akavuta karatasi. "Kumwachia siwezi. Nitampa uhai, kwa minyororo, kisiwani."

"Kisiwa gani?"

Akakitaja. Ndicho alichofungwa yeye miaka sita, enzi za mfalme yule wa zamani. Akatia sahihi polepole.

"Mwambie asilale upande wa baharini, ukuta unatoka maji. Na siku ya kwanza asikubali kunyang'anywa mkate. Akikubali siku hiyo, watamnyang'anya daima."

Nilitoka nikiyarudia maneno hayo kwa sauti, watu wakinishangaa njiani, nisije nikasahau hata moja.