Kadi ya Redio

Mukamusoni hakuwahi kukopa kitu dukani maisha yake yote. Chumvi ikiisha, alipika bila chumvi mpaka apate hela. Mumewe alipofariki alimwachia kibanja cha migomba na mibuni pale Nyakatuntu, na yeye akakishika barabara pamoja na Theoneste, mwanawe wa pekee. Kwa hiyo ile siku ya Novemba 1994 alipokwenda kwa mwalimu Elpidius kuulizia kadi ya mkopo, Theoneste alimfuata nyuma kama mtu asiyeamini.

Elpidius alifundisha shule ya msingi, na Jumamosi alikuwa wakala wa duka moja la Bukoba. Duka hilo lilikuwa limeanza kuwauzia watu wa mbali. Unachagua kitu kwenye karatasi ya picha, wakala anapeleka agizo, na kitu kinakuja na basi hadi Kaisho. Asiye na fedha taslimu alipewa kadi, na kila akilipa, wakala aligonga muhuri.

"Shikamoo, Mama Theoneste."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa habari ya redio. Ile inayoshika stesheni za mbali."

Elpidius hakuuliza ya nini. Kijiji kizima kilijua. Mukamusoni alivuka kutoka Rwanda akiwa msichana, yeye na mama yake, mwaka ule watu walipochomewa nyumba. Mdogo wake, Nyiransabimana, alikuwa na surua, hawezi hata kusimama, wakamwacha kwa shangazi wakisema watarudi kumchukua. Hawakurudi. Zilikuja barua chache, kisha habari kwamba ameolewa, kisha ukimya. Na sasa, baada ya yale mauaji ya Aprili, watu wasiohesabika walikuwa wamemiminika kwenye kambi za wakimbizi za Karagwe na Ngara. Eustadia, jirani yake, alikuwa amesikia kwamba kuna stesheni inasoma kwa Kinyarwanda majina ya wanaotafutana. Redio pekee ya kuishika ilikuwa kwenye kilabu cha pombe, na mwenye kilabu hakutaka kuifungulia. Siku zile wengi hawakupenda Kinyarwanda kisikike kwa sauti kubwa.

Elpidius aliweka kadi mbili mezani, moja ya buluu na moja nyeupe.

"Ukichukua hii ya buluu, redio inakuja na basi la wiki ijayo. Utalipa kidogo kidogo, na riba juu yake. Lakini mibuni yako inakuwa dhamana. Ukishindwa kulipa, mavuno ya msimu ni ya duka."

"Na nyeupe?"

"Nyeupe haina riba wala dhamana. Ila redio haiji mpaka ulipe nusu ya bei."

"Chukua ya buluu, mama," alisema Theoneste. "Redio unaitaka sasa."

"Na tukishindwa?"

"Nitafanya vibarua Kaisho."

"Egbert naye alisema hivyo hivyo."

Egbert, jirani yao wa bondeni, alichukua baiskeli kwa kadi ya buluu. Mwaka ule mvua ilichelewa, na watu wakamwona akichuma kahawa yake mwenyewe kwa ajili ya wengine, mkewe akiwa amekaa kando ya njia hataki kusalimiwa.

Mukamusoni alimgeukia Elpidius. "Wewe mwalimu ungechukua ipi?"

Elpidius alifikiri sana. Alikuwa mtu mwema. "Kwa mara ya kwanza, nyeupe," alisema. "Ile haijamuumiza mtu yeyote."

Mukamusoni akachukua nyeupe.

Fedha ya kahawa ya mwaka huo ilikuwa imeishia kwenye mabati, kwa hiyo nusu ya bei ilitoka popote ilipoweza kutoka. Aliuza maharage aliyokuwa ameyaweka kwa mbegu. Aliuza mikungu ya ndizi ikiwa haijakomaa vizuri. Theoneste alikwenda kulima kwa watu na kurudi na viganja vimechubuka. Kila Jumamosi Mukamusoni alipeleka alichopata, Elpidius akagonga muhuri, wakaagana.

Kati ya hapo alikwenda mara moja kwenye kambi iliyokuwa karibu zaidi. Alitembea katikati ya vibanda vya maturubai akitaja jina la mdogo wake na la baba yao, Karekezi, mpaka sauti ikakauka. Wengine walimtazama tu. Mwanamke mmoja alimwuliza kama amebeba chakula. Alirudi nyumbani akamwambia Theoneste kwamba mtu huwezi kumtafuta hivyo, ni kama kutafuta punje moja ya mtama ghalani.

Redio ilifika mwezi wa tatu, wakati wa Kwaresima. Eustadia alikuja kuishangaa, na wengine wakaja, wakakaa uani wakati Theoneste akizungusha kitufe na kelele zikipanda na kushuka. Ilipopatikana ile stesheni, Mukamusoni aliomba wote wanyamaze. Tangu hapo, kila jioni aliinamisha kichwa karibu na redio, kiganja kikiwa sikioni, na majina ya watu asiowajua yakampita mmoja mmoja.

Kisha jioni moja msomaji akasema, kwa sauti ile ile aliyosomea mengine, kwamba Nyiransabimana binti Karekezi, wa Rukira, anamtafuta dada yake Mukamusoni aliyekwenda Karagwe zamani na mama yao. Akataja kambi. Ilikuwa huku huku Karagwe, mwendo wa siku moja kwa miguu.

Mukamusoni hakupiga kelele. Alimshika Theoneste mkono. "Ni yeye," alisema. "Umesikia? Amesema Rukira. Ni yeye."

Waliondoka kulipopambazuka, Theoneste na mkungu wa ndizi begani, Mukamusoni na maharage na kitenge chake kizuri cha kanisani, maana alijiambia mdogo wake hana nguo. Njiani aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Alipanga mahali pa kumlaza. Alisema atamwomba msamaha, kisha akasema hapana, atapika kwanza.

Walifika jua limeinama. Kiongozi wa sehemu ile ya kambi alikuwa mzee mwembamba aitwaye Celestin. Mukamusoni alipojitaja jina, mzee alimtazama, akavua kofia.

"Umechelewa, mama."

"Amehamishwa?"

"Amefariki. Mwezi wa pili. Tumbo la kuhara."

Theoneste aliutua mkungu chini. "Lakini jana redio ilimtaja!"

"Wale watu wa redio walipita hapa na kinasa sauti kabla ya Krismasi," alisema Celestin. "Tangazo lake walilisoma mara ya kwanza mwezi wa kwanza. Tulilisikia sote hapa. Alifurahi sana. Alifua gauni lake, akawa anakwenda kusimama barabarani asubuhi. Wanayarudia tu. Hakuna aliyewaambia."

"Mama," alianza Theoneste, "kama tungechukua ile ya buluu..." Akaona uso wa mama yake, akaacha.

"Hakuwa na mtoto?" aliuliza Mukamusoni.

"Alikuja peke yake."

Celestin aliwapeleka mahali pa makaburi. Yalikuwa mengi, udongo mwekundu umeanza kudidimia kwa mvua, na baadhi ya vijiti vya alama vilikuwa vimechukuliwa kuni. Mzee alisita kati ya matuta mawili, akarudi nyuma, akaangalia tena.

"Ni hili," alisema. "Au hili. Walizikwa siku moja."

Mukamusoni alisimama katikati. Kitenge kilikuwa bado kwapani.

"Mzee," alisema, "mimi nilimwacha ana miaka saba. Sijui alikuja kuwa na sura gani. Alikuwaje?"

Celestin alipangusa paji la uso. Alionekana anatafuta kwa bidii, mtu anayetaka kusaidia.

"Alikuwa mrefu," alisema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, yule alikuwa mwingine. Samahani, mama. Tulikuwa wengi sana."