Sahani ya Nyumba

Zoubeir alikuwa mtu wa kutegemewa kwa kila jambo isipokuwa fedha. Zikimfika mkononi zilimwasha kama upupu, hatulii mpaka zimtoke: leo mbuzi kwa rafiki aliyejaliwa mtoto, kesho mchango wa sherehe ya mtu ambaye hata jina lake halijui vizuri. Echata, mkewe, alikwisha kumsoma zamani. Kwa hiyo mwaka wa themanini na tatu, benki ilipowakopesha kwa miaka kumi na mitano wakanunua nyumba pale Antanimasaja, mjini Mahajanga, alimtazama mumewe machoni akamwambia uongo mweupe, uliopigwa pasi.

"Baba Roukia, benki inataka elfu kumi na tatu kila mwezi."

Benki ilitaka elfu kumi na moja. Aliyeusaini mkataba ni Zoubeir mwenyewe, maana mshahara uliotakiwa ni wake, wa upishi katika hoteli moja ya Ambondrona, kisiwani Nosy Be. Lakini aliusaini jicho moja likiwa kwenye saa, meli yake isije ikamwacha. Kifaransa cha benki kilikuwa kirefu, naye hakuwa na subira na kitu kisichoonjwa. Akaguna, akasema benki ni wezi, akaenda zake. Tangu hapo hawala yake ilifika posta kila mwezi bila kukosa, na kila mwezi Echata aliipeleka yote benki, hakuidokoa hata kidogo.

Kisha akaongeza na yake. Asubuhi aliuza mokari mlangoni, vile vitumbua vya mchele na nazi ambavyo nusu ya mtaa ilivifungulia kinywa. Sahani ya mwisho haikuwa ya mtoto wala ya jirani. "Hiyo ya nyumba," alikuwa akisema. "Nayo haijanywa chai." Fedha ya sahani hiyo iliingia katika kopo tupu la maziwa, na mwisho wa mwezi kopo likaenda benki. Binti yake Roukia alikua akiamini kwamba nyumba zote duniani hulishwa mokari.

Karani wa dirishani, kijana mwenye tai, mwanzoni alitaka ile ziada ihesabiwe kuwa malipo ya mwezi unaofuata.

"Ya mwezi ujao nitaleta mwezi ujao," Echata alimwambia kwa Kifaransa chake cha sokoni. "Hii ikate deni lenyewe."

Karani akamweleza kwamba hakuna haraka, mama. Echata akamjibu kwamba hakuja kuuliza kama ipo. Alikwisha kung'amua jambo moja: riba hula kwenye deni lililobaki, na deni likikonda, riba nayo inakosa pa kung'ata. Wanaume wa mtaani walisema mambo ya benki yana wenyewe. Yeye aliona ni kama jipu: ukilikamua kidogo kidogo kila mara, halikui.

Haraka alikuwa nayo, tena kubwa. Kwa Wangazija, Wakomoro wa kisiwa cha Ngazidja kama wao, nyumba ni ya mwanamke. Mama humwachia binti; mume huja na sanduku lake la nguo, na wakigombana ni yeye anayetoka kutafuta pa kulala. Nyumba ambayo ingekuwa ya Echata, ya mama yake Sitti, iliteketea ule mwezi wa Desemba wa sabini na sita, Wakomoro walipouawa mjini katika ghasia. Walikimbilia kijiji cha Boanamary kwa jamaa, na Sitti alitoka na mswala wake tu. Wengi wakapanda ndege wakaenda zao Ngazidja. Wao wakarudi mjini, wakapanga vyumba vya watu. Sasa nyumba ilikuwapo, lakini hati ilikuwa benki, na juu ya hati limekaa jina la Zoubeir.

Sitti ndiye aliyelifanya jambo lisisahaulike. Aliishi humo, akala humo, akakoroma humo, lakini kusali alisali barazani.

"Siwezi kusujudu juu ya riba," alisema.

Mvua za Mahajanga zikamlowesha kisigino mpaka mgongo, naye hakusogea. Echata alikuwa akimtazama dirishani, moyo unamuuma, halafu anakwenda kuuza sahani ya nyumba kwa ukali zaidi.

Zoubeir naye alikuwa na ndoto yake. Ilikuwa ndoa kubwa, ile ya ng'ombe, ngoma na dhahabu, ambayo mwanamume wa Ngazidja humfanyia mkewe hata kama wana watoto wakubwa. Asiyeifanya, awe na mvi mpaka kwenye nyusi, huitwa mtoto wa mji: hukaa nyuma, hunyamaza watu wazima wakisema, hushika birika wenzake wanawe mikono. Zoubeir alikuwa na mvi na bado anashika birika. Hilo lilimkera, na Echata hakumcheka kwa hilo, maana aliona macho yake kila alipotoka kwenye sherehe za watu.

Idd ya mwaka wa tisini na moja alikuja na habari. Alikuwa ameifikiria jikoni mwaka mzima. Ataiweka nyumba rehani upya, achukue mkopo mkubwa zaidi, afanye ndoa kubwa, alipe taratibu mpaka azeeke.

Echata hakubisha. Mwanamke anayepanga habishi. Alifunika sahani mbili za mokari akampelekea Mjomba Abdourahamane, kaka wa Sitti, mkubwa wa ukoo wao, bila kumlipisha, jambo ambalo halijapata kutokea. Mjomba akazitazama zile sahani, akamtazama mpwa wake.

"Nimkasirishe nani?" akauliza.

Siku ya pili ya Idd wanaume walijaa sebuleni. Zoubeir akatangaza nia yake, akapongezwa. Mjomba akanywa chai yake mpaka tone la mwisho.

"Ni jambo jema, mwanangu. Ila nimechanganyikiwa. Kwa mila, bwana harusi huingia nyumba ya mkewe. Wewe utaingia ya nani?"

"Hii, Mjomba. Nyumba yangu."

"Kumbe unajioa mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba hajamaliza.

"Tena hati iko benki. Labda benki ndiyo inayokuoa. Mahari wamekupa kiasi gani?"

Bacar, rafiki yake Zoubeir wa tangu utotoni, alicheka mpaka akapaliwa na keki. Zoubeir akasimama, shingo imemvimba.

"Wallahi, mbele yenu nyote! Siku benki itakapokoma kunidai, nyumba hii ni ya Echata, hati na ufunguo! Lakini kabla ya siku hiyo ni yangu, nitaiweka rehani nipendavyo, na asinisemeshe mtu!"

Alijua anachofanya, au alidhani anajua. Kwa hesabu yake ilibaki miaka saba. Nyuma ya pazia, Echata alitua birika chini lisimponyoke. Deni lilikuwa limekwisha tangu Shaabani.

Baada ya Idd, Zoubeir alivaa koti lake la harusi za watu akaenda benki, mkewe ubavuni. Karani alikuwa yuleyule, sasa ana kitambi. Akafungua jalada, akainuka, akampa Zoubeir mkono.

"Hongera, bwana! Wateja wa namna yenu ni wachache. Miaka saba kabla ya wakati!"

Uso wa Zoubeir ukang'aa. Hana deni! Akamgeukia mkewe acheke naye, na hapo hapo kiapo kikamrudia. Echata alikiona kikimrudia: kilianzia kwenye masharubu, kikashuka mpaka magotini.

"Nani amelipa?"

"Wewe, Baba Roukia. Benki ilitaka elfu kumi na moja."

"Uliniambia kumi na tatu."

"Nilikwambia."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote. Na mokari."

Karani, asiyejua kinachopikwa, alikwisha kutandaza makaratasi mapya. Kwa mteja mwaminifu, alisema, mkopo mkubwa ni jambo la saini moja tu. Akamkabidhi Zoubeir kalamu.

Hapo ujanja wa Echata ulimwishia wote. Jina lilikuwa la Zoubeir, mkono wa Zoubeir, kalamu ya benki. Mjomba hayupo, Bacar hayupo. Kilichokuwapo ni kiapo tu, na kiapo hakina mikono ya kumshika mtu. Akaogopa kama siku ile ya kukimbilia Boanamary.

Zoubeir aliigeuzageuza kalamu vidoleni.

"Umenifanya mjinga," alisema kwa Kikomoro, karani asisikie.

"Nimekufanya mtu asiyedaiwa. Ujinga ulikuja nao mwenyewe kutoka Nosy Be."

Akamkodolea macho. Halafu tumbo likaanza kumtikisika, akacheka kicheko kile kilichomfanya Echata akubali posa yake miaka ile, mpaka wateja wa foleni wakageuka. Akairudisha kalamu.

"Bwana," alimwambia karani, akipangusa macho, "nipe hati yangu. Nimekwisha kuolewa."

Ofisi ya ardhi iliwachukua siku nne na mihuri mingi. Siku ya mwisho Zoubeir aliipokea hati yenye jina la mkewe, akamkabidhi, akaenda kusali alasiri. Aliporudi alikuta mlango umefungwa. Akashika kitasa kama alivyozoea, akasukuma. Akasukuma tena.

Akachungulia dirishani. Katikati ya sebule, juu ya mswala uliofifia, Sitti alikuwa amesujudu, na hakuwa na dalili ya kuinuka upesi. Baraza alilosalia miaka minane lilikuwa tupu, limebaki na Zoubeir peke yake, amesimama na viatu vyake mkononi.

Nyuma ya mlango Echata alikuwa ameshika ufunguo, machozi yanamtiririka, na anajizuia asicheke. Alisubiri mpaka mama yake akatoa salamu, kulia na kushoto. Nje, mtu akakohoa.

"Hodi," alisema Zoubeir, kwa mara ya kwanza tangu wanunue nyumba ile.

Echata akafuta uso kwa kanga, akazungusha ufunguo.

"Karibu kwangu," akasema.