Funda la Mama Pasi

Mtaa mzima walimwita Mama Pasi, na asiyemjua basi nguo zake zina makunyanzi. Alikuwa dobi wa mtindo wa zamani: anapiga funda la maji, anavimbisha mashavu, anaipulizia shuka, pfuu! kisha pasi inafuata nyuma. Bintiye aliwahi kumletea chupa ya kupulizia. Mama Pasi aliishukuru, akaipa kazi ya kumwagilia ua la dirishani.

"Mama, joto la leo halina mchezo. Umekunywa maji?" binti aliuliza huku akikunja mashuka.

Mama akajinyooshea kidole kwenye mashavu yaliyojaa. Maji si haya hapa, mwanangu? Na ndivyo alivyoamini, maskini. Ulimi wake ulikuwa umelowa tangu asubuhi, akajiona kashiba maji. Kumbe yote yaliishia kwenye mashuka ya watu, hata tone halikuvuka koo. Mfinyanzi hulia gaeni.

Mchana bati likaanza kulia ta, ta kwa jua. Jasho lilimkauka, naye akafurahi, akidhani joto limeshindwa. Akapiga funda jingine.

Hapo shuka ikaanza kurefuka. Ikapita ukingo wa meza, ikapita ukuta, nyeupe, tulivu, na upepo wa baridi ukipita juu yake. Ng'ambo alikaa marehemu mumewe, pekupeku, suruali kaikunja hadi magotini. Mama Pasi alisikia moyo ukimlegea. Alimkumbuka mno mwanamume yule.

"Mke wangu, umechoka," alisema, kwa sauti ile ile ya upole. "Acha pasi. Njoo huku kwenye kivuli."

Pasi ikasimama. Kilichobaki ni kuinua mguu tu.

"Mama! Unaunguza! Mama, niitikie!"

Sauti ya binti ilitoka mbali, ikiwa na kilio ndani yake. Mama Pasi alitaka kuitikia, lakini mdomo umejaa. Mashavu yakajiandaa kupuliza, kama yalivyozoea. Akamtazama mumewe. Akasikia tena, "Mama!"

Akameza.

Maji yakateremka polepole, akayafuata kwa ndani mpaka kifuani, na machozi yakamlenga.

"Nipo, mwanangu," alisema, sauti ikikwaruza.

Shuka ilikuwa shuka tena, ina doa la kuungua katikati. Binti alizima pasi, akamkalisha mlangoni penye hewa, akamfunika shingo kwa kitambaa kibichi. Akamnywesha kidogo kidogo, kikombe cha kwanza, cha pili.

"Nilimwona baba yako."

"Alisemaje?"

"Aliniita."

Binti alijaza kikombe tena, hadi maji yakamwagika sakafuni. Mama Pasi akakipokea kwa mikono miwili.

"Atasubiri," alisema, akanywa chote.